Uzi: Sinema zinazomvuta mtu kwenye michezo ya uhusika ya mezani – onyesho gani, na unalihamishaje mezani?

Baraza_la_Mkunguni (mwanzilishi wa uzi)

Salaam wadau wa Amu, Malindi na kwengineko.

Mtu ambaye hajawahi kuona mchezo wa uhusika wa mezani humwelezi kwa maneno akakuelewa. Ukimwambia mnakaa watano, mmoja anasimulia, wanne wanasema wahusika wao wanafanya nini na dadu inaamua, anakutazama tu. Sinema ndiyo inayomvuta. Lakini si kila picha yenye mapanga na mazimwi inafaa, kwa sababu nyingi zina steringi mmoja, na waliobaki kazi yao ni kufa kabla yake. Mezani hakuna steringi. Picha ninayoitafuta ni ile ya kundi dogo, kila mmoja ana jambo analoliweza ambalo wenzake hawaliwezi, na mipango yao inavunjika mbele ya macho yetu.

Ombi langu: ukitaja picha, taja onyesho, sema linavyohamia mezani, na linapoharibika linaharibikia wapi. Orodha ya majina matupu haitusaidii.

Naanza na Dungeons & Dragons: Honor Among Thieves, ya 2023, ya Jonathan Goldstein na John Francis Daley, dakika 134. Mchezo wenyewe ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na picha hii imejengwa juu ya ulimwengu wake. Ninaitanguliza kwa sababu ya mipango yao. Wana fimbo inayofungua milango miwili hewani. Mlango mmoja wanaubandika kwenye mchoro utakaoingizwa ndani ya hazina. Hesabu imekamilika, ila mchoro unaanguka kifudifudi. Wakifungua mlango wanakuta sakafu ya mawe. Hapo inabidi watunge mpango mwingine kwa walichonacho mkononi, na hivyo ndivyo kikao cha mchezo kinavyokwenda.

Onyesho la kuhamisha ni la makaburini, wanapowahoji maiti kwa maswali 5 kila mmoja na kuyapoteza kwa kuropoka. Weka vipande 5 vya karatasi katikati ya meza. Wape wachezaji dakika tatu washauriane. Baada ya hapo kila swali linalotamkwa, hata la "unanisikia?", linakula kipande kimoja. Kwa kanuni za toleo la 2014 la mchezo huo, maiti anajua yale tu aliyoyajua alipokuwa hai, majibu yake ni mafupi, na kama ulikuwa adui yake halazimiki kukwambia kweli. Linaharibika msimulizi anapojibu kwa mafumbo mara tano mfululizo, wachezaji wakaondoka mikono mitupu. Andika mapema mambo matatu ambayo maiti anayajua kwa hakika: jina la mtu, mahali, na wakati. Mawili kati ya hayo lazima yatoke.

Tahadhari moja. Doric, druidi (mchawi wa maumbile) wa kundi lile, anageuka dubu mwenye kichwa cha bundi, na watu huja mezani kwa ajili ya hilo. Kanuni za 2014 zinamruhusu druidi kugeuka mnyama wa kawaida tu. Huyo dubu-bundi hahesabiwi miongoni mwa hao. Msimulizi aamue kama ataruhusu kabla mchezaji hajaandika karatasi ya mhusika wake, maana akimkatalia katikati ya mapambano atamvunja moyo.

Nahodha_wa_Faza

Kaka Baraza, shukrani. Lakini watu wa mwambao msizipite zilizo karibu yetu: The 7th Voyage of Sinbad, 1958, na Jason and the Argonauts, 1963. Viumbe vya picha zote mbili ni kazi ya Ray Harryhausen, aliyesogeza sanamu ndogo kidogo kidogo kwa mkono na kupiga picha moja moja. Pambano la viunzi vya mifupa kwenye Jason lilimchukua zaidi ya miezi minne.

Mpangilio wake ni wa kampeni (mfululizo wa vikao vya hadithi moja) iliyo tayari: chombo ndicho nyumbani, kila kisiwa ni kikao kimoja, na mabaharia wengine ni wahusika wa akiba mtu wako akifa. Anayeishi Amu hahitaji kuelezwa chombo kinavyoondoka na maji.

Sasa onyo kuhusu hao viunzi. Kwenye picha ni saba dhidi ya watu watatu, na ukilihamisha hivyo hivyo mezani kwa watu wa ngazi ya 1, yaani wanaoanza, umewaua. Kwa toleo la 2014 kiunzi kimoja kina kinga 13 (namba ambayo dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza ya mpigaji lazima iifikie), uhai 13, kinapiga kwa nyongeza ya 4, na pigo lake la wastani ni 5. Mpiganaji mwenye kinga 16 atapatwa na asilimia 45 ya mapigo hayo. Viunzi saba vikimzunguka, raundi moja, kila kimoja kikipiga mara moja, inamtoa wastani wa uhai karibu 16, naye kwa kawaida anaanza na 12 au 13. Hajapata hata zamu ya pili.

Kwa wachezaji wanne wanaoanza, weka viunzi 3. Raundi ya tatu wainuke wawili zaidi, endapo tu hakuna aliyeanguka. Na onyesho liwe na vitu butu: makasia, michi, marungu. Kanuni zinasema pigo la kitu butu linakiumiza kiunzi maradufu. Mchezaji anayetupa upanga wake na kuokota kasia ameelewa mchezo bila kusomewa kanuni. Jason mwenyewe anaokoka kwa kuruka baharini, kwa hiyo nawe acha upande mmoja wa uwanja uwe maji, na uutaje tangu mwanzo.

Binti_Langoni

Asalaam aleikum. Maswali mawili. Nyumba nyingi huku dadu haziingii, zinahesabiwa chombo cha kamari, na karata ni hivyo hivyo. Tunatumia nini? La pili, watoto wa miaka 9 mpaka 13 waanze na picha gani? Hizo za mifupa sawa, lakini si zenye damu na watu nusu uchi.

KomweNyeusi

Waaleikum salaam dada. Komwe za bao zinatosha. Chagua 20, badala ya ile dadu ya pande 20, zote za ukubwa mmoja, kwa sababu kidole kinaikumbuka kubwa. Usiandike kwa rangi ya kucha. Inaacha uvimbe ambao mkono unausoma ndani ya mfuko. Kwaruza namba kwa ncha ya msumari, paka wino, futa wa juu. Pigia mstari chini ya 6 na 9. Tia kwenye mfuko wa kitambaa usiopenya mwanga.

Kanuni ni moja: chota, soma, RUDISHA, tikisa. Watu husahau kurudisha, na hapo ndipo hesabu inapoharibika: namba ndogo zikishatoka wote wanajua zilizobaki ni kubwa, na wanaanza kungojea zamu zao. Kanuni zikikupa nafasi ya kutupa mara mbili na kuchukua kubwa, chota komwe mbili kwa pamoja. Tofauti na dadu ni ndogo mno: kama unahitaji 10 au zaidi, dadu mbili zinakupa karibu asilimia 80, komwe mbili 81.

Kwa nguvu ya pigo usihangaike na mfuko wa pili. Tumia wastani uliochapishwa, kama ile 5 ya kiunzi. Na kuhusu kamari, isemwe wazi kwa wazazi: mezani hakuwekwi pesa wala dau la aina yoyote, na hakuna anayeshindwa na mwenzake, kundi zima liko upande mmoja.

Watoto: Willow ya Ron Howard, 1988. Mhusika mkuu ni mtu mdogo wa kimo aliyepewa kokwa tatu za uchawi zinazogeuza kitu kuwa jiwe. Kila mtoto apewe kitu kimoja chenye matumizi matatu tu, na alama tatu kwenye karatasi yake azikate mwenyewe. Watoto wanafikiri vizuri sana wakiwa na kitu kinachokwisha. Picha inatisha kidogo hapa na pale, wa miaka 9 akae na mkubwa.

Gede_Usiku

Salamu kutoka Malindi. Kwa nyumba zisizopenda habari za sihiri kabisa, ipo picha isiyo na uchawi hata chembe ambayo kwangu ndiyo ya kwanza kuliko zote zilizotajwa: Seven Samurai ya Akira Kurosawa, Ujapani, 1954. Ni dakika 207 na ina mapumziko yake, kwa hiyo igaweni usiku mbili.

Nusu ya kwanza inafundisha namna ya kulikusanya kundi. Kambei, samurai mkongwe, anatafuta wapiganaji wa kulinda kijiji watakaokubali kulipwa chakula tu. Anamweka kijana nyuma ya mlango na gongo, ampige kila anayeingia. Mmoja anadaka pigo. Mwingine anasimama nje, anatabasamu, anakataa kuvuka kizingiti. Hujasikia hata majina yao na tayari unawajua. Badala ya kuanza kampeni kwa "mnakutana mkahawani", mpe kila mchezaji kitendo kimoja kabla ya kujitambulisha: kuna mtego mdogo mlangoni, unafanya nini?

Nusu ya pili ni ulinzi wa kijiji. Majambazi ni 40, na Kambei ana karatasi yenye duara kwa kila jambazi. Akifa mmoja, duara linakatwa. Chora duara 40 kwenye karatasi kubwa na uiweke mbele ya wachezaji. Kisha maandalizi. Wanakijiji 20, siku 3, kwa hiyo nguvukazi ni 60. Kazi zenyewe: uzio wa magharibi 20, kufurikisha mashamba ya kusini 15, kubomoa daraja 10, kufundisha mikuki 20, kuhamisha nyumba za ng'ambo ya mto 15. Jumla ni 80, na huo upungufu wa 20 umewekwa makusudi. Wachezaji watabishana nusu saa nani aachwe nje ya ulinzi, na mabishano hayo ndiyo mchezo wenyewe. Msimulizi akae kimya.

Linapoharibika: msimulizi anampa kila jambazi zamu yake. Watu 40, usiku unakwisha mko raundi ya pili. Wapange makundi ya watano, kila kundi lichote komwe moja.

Tena majambazi wana bunduki tatu. Kati ya wale saba wanakufa wanne, na wote wanne wanauawa kwa risasi, hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa upanga. Ukiweka hatari isiyozuilika kwa ustadi, mlio wake usikike siku ya kwanza ya maandalizi, ili wapange mapema namna ya kuzinyakua.

Mwana_wa_Shela

Nashangaa hakuna aliyeitaja The Fellowship of the Ring ya Peter Jackson, 2001. Watu wengi waliovutwa mezani miaka hii 20 na ushei walivutwa na hiyo.

Baraza_la_Mkunguni

Ni picha kubwa na naipenda. Ila kama ya kwanza kwa kundi jipya naona inapotosha. Mle ndani yumo Gandalf, mchawi mkongwe, na wamo Frodo na wenzake, vijana wa Shire wasiojua kushika upanga. Mezani huwezi kuweka mtu wa ngazi ya 15 na wa ngazi ya 1 kwenye kundi moja. Mmoja anatenda, wengine wanatazama.

Mwana_wa_Shela

Hapo ni kweli, lakini safari ya Moria, ule mji wa chini ya mlima, peke yake inatosha darasa zima. Nichukue mambo matatu.

Mlango. Gandalf anakwama kwenye kitendawili mpaka Frodo anapong'amua. Mezani kitendawili kimoja chenye jibu moja kinaua kikao. Watu wanakaa nusu saa wakitazamana. Weka njia tatu za kupita: jibu lenyewe, ufa ukutani unaohitaji mtu mwembamba na kamba, na mtu wa karibu anayejua jibu ila ana bei yake.

Kunyemelea. Kwenye picha kundi zima linapita kimya. Mezani, ukimtaka kila mmoja wa wanne afaulu, na kila mmoja ana nafasi ya asilimia 55, nafasi ya wote kufaulu ni asilimia 9 tu. Ndiyo maana watu husema kunyemelea hakufanyi kazi. Kanuni za 2014 zina ukaguzi wa kundi: wakifaulu nusu au zaidi, kundi limefaulu. Kwa nafasi zile zile inakuwa karibu asilimia 76. Badiliko dogo, mchezo mwingine kabisa.

La tatu ni kukimbia, na hili ndilo muhimu. Balrog, lile jitu la moto, anapotokea, Gandalf anawaambia wakimbie. Wachezaji wapya hawakimbii, na wana sababu: wahusika wengi na majitu mengi wana mwendo ule ule wa futi 30 kwa raundi, kwa hiyo anayekimbia anafikiwa na kupigwa mgongoni. Siku mnapokimbia, toeni ramani ya miraba mezani. Tumieni hesabu ya kufaulu mara 3 kabla ya kushindwa mara 3, ugumu 13 (namba ambayo dadu au komwe pamoja na nyongeza lazima iifikie), na kila mchezaji aseme anatumia nini: kuangusha rafu, kuzima taa, kumbeba mwenzake. Daraja liwe mwisho wa hesabu hiyo.

Gede_Usiku

Naongeza moja, kwa watu wazima tu. Tumbbad, ya Kihindi, 2018, ya Rahi Anil Barve. Asiyeitazama aruke aya hii. Mtu anashuka kwa kamba hadi kwenye shimo la jini mwenye uchu, Hastar. Anachora duara la unga, anakaa ndani, anatoa mwanasesere wa unga. Jini anapomla mwanasesere, yeye anachopoa sarafu za dhahabu kwenye kitambaa cha kiunoni mwa jini, kisha anapanda. Mwishoni wanaleta wanasesere wengi, na kila mwanasesere anamwita Hastar wake.

Mezani: mwanasesere mmoja ananunua raundi 2 za kuchopoa. Kila raundi unachota komwe za 1 hadi 6, ndiyo idadi ya sarafu, wastani 3.5. Kila mwanasesere wa ziada anaongeza adui mmoja. Sasa weka deni la sarafu 20 linalodaiwa kesho asubuhi. Mwanasesere mmoja ataleta karibu 7. Wakishuka na mmoja hawafiki, wakishuka na watatu wanafika lakini kuna maadui watatu. Bila deni onyesho linakufa, maana kundi lenye hadhari litachopoa mara moja na kupanda.

Binti_Langoni

Nyote mmenufaisha. Lakini picha zote hizi ni theluji, Ujapani, India. Watoto wa hapa watapata wapi mahali pao?

Nahodha_wa_Faza

Takwa, kisiwani Manda. Mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, na mashua hufika kwa mkondo wa mikokoni maji yakiwa yamejaa. Saa ya mchezo umeshapewa: kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa 6. Chora alama 6. Kila chumba kinachopekuliwa kwa makini kinafuta moja. Zikiisha, mashua imekaa kwenye tope na hamtoki mpaka maji yarudi. Ukitaka iwe ngumu zaidi, sema ni bamvua na uweke alama 4, kwa sababu maji ya bamvua hupwa mbali zaidi na mkondo unakauka mapema. Wakati wa maji mafu wape zote 6.

Na kwa kikao cha kutoroka gerezani, tazameni mwanzo wa ile picha ya 2023 wanapomrukia yule mtu-ndege na kutokea naye dirishani, kisha wasimulieni watoto habari za Fumo Liyongo: tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wakala mikate mizuri wakamwachia ule mbaya, naye akakata minyororo ngoma zikilia. Kanuni yake: mlinzi huchukua kilicho bora katika kila kinachopelekwa. Kukata chuma wakati wa ngoma ni ugumu 10, wakati wa kimya 20. Wa nje wanapiga ngoma, wa ndani anakata, wote wana kazi.

Gede_Usiku

Sisi huku tuna Gede, magofu ya mji wa kale. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba miaka ya 1940 na 1950, nyumba zilipewa majina kwa vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Kila jina tayari ni swali kwa mchezaji. Ombi langu kwa wasimulizi wa pwani: msikiti na makaburi yasiwe mahali pa kupora. Nyumba, visima na kuta zinatosha.

Binti_Langoni

Inshallah tutaanza. Picha na mchezo vifanyike usiku mmoja? Na kanuni tunazipata wapi bila kununua kitabu?

KomweNyeusi

Usiku mmoja hapana. Dakika 134 za picha na saa tatu za mchezo, watoto watalala mezani. Baada ya isha onyesha dakika 30 hadi 40 pekee, onyesho moja ulilolichagua pamoja na yanayolitangulia, zima, anzeni kucheza papo hapo. Picha nzima waitazame wiki nyingine. Wakishaona mwisho kabla ya kucheza, wanajaribu kuufuata.

Kanuni: tafuta hati ya kanuni za mchezo huo iitwayo SRD 5.1. Tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons CC BY 4.0, kwa hiyo ni halali kuichapisha na hata kuitafsiri kwa Kiswahili, mradi uweke ile sentensi ya kutaja chanzo iliyoandikwa humo. Ina kurasa karibu 400, usizichapishe zote. Chukua kurasa za mpiganaji, mwizi, mponyaji na mchawi, ngazi ya 1 pekee; sura ya mapigano; na maelezo ya kiunzi.

Karatasi ya mhusika ina uwezo sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, haiba. Gawa namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kila moja mahali pamoja. Nyongeza zake ni 2, 2, 1, 1, 0, na kutoa 1. Kwa jambo ambalo mhusika amelisomea, ongeza 2 nyingine. Ugumu 10 ni jambo jepesi, 15 la wastani, 20 gumu. Kwa watoto kaa kati ya 10 na 13, na sura ya mapigano ichapishe nakala mbili, moja ibaki kwa msimulizi na nyingine izunguke mezani.